Bei Naijua, Mwanangu

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo na uhandisi, Morogoro

Mwenyekiti, walimu, wanangu, habari za asubuhi. Kabla sijaanza naomba vijana wawili waje hapa mbele. Asanteni. Hizi ni chupa mbili za kioo, safi na kavu. Hii ya kifuniko chekundu ina mahindi niliyoyaanika juu ya turubai nyumbani kwangu kwa siku nne. Hii ya kifuniko cheupe ina mahindi niliyonunua leo alfajiri sokoni, na muuzaji aliniapia kwamba ni makavu, yanalia kama kokoto. Kila chupa imejaa theluthi. Tieni vijiko vitatu vya chumvi kavu, fungeni, tikiseni dakika moja. Kwa nguvu jamani, chai si mmekunywa? Haya. Ziwekeni mezani na mtu asiziguse. Tutazirudia.

Nimeombwa niseme namna ya kuanza kazi katika teknolojia ya kilimo. Kila ninapopewa mada hii, swali la kwanza ni lile lile, na leo nimeulizwa hata kabla sijashuka kwenye gari: "Mama, nitengeneze programu gani ya simu?" Nami nitajibu kama ninavyojibu siku zote. Sijui, na wewe pia hujui, kwa sababu hujakaa na mkulima msimu mzima.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa watu wanne tuliotengeneza mfumo wa kutuma bei za mahindi kwa ujumbe wa simu. Mtu wetu alikuwa soko la Kibaigwa. Kila asubuhi anatupigia, sisi tunatuma, na mkulima wa vijiji vya Kongwa anasoma kwenye kitochi chake, bila bando na bila kulipa. Tulikuwa na mfadhili, tulikuwa na fulana, tulikuwa na bango kubwa barabarani. Hoja yetu ilikuwa kwamba mkulima analaliwa na mlanguzi kwa kuwa hajui bei. Basi akijua bei, hatalaliwa tena.

Msimu ulipokwisha tukaenda vijijini kuuliza. Ujumbe walikuwa wanaupata. Wanausoma. Halafu wanauza kwa mlanguzi yule yule, mlangoni, kwa bei yake.

Nikafika kwa bibi mmoja. Nikamwamkia, akanipa kigoda. Nikamuuliza kwa nini aliuza magunia yake mwezi wa saba, ilhali sisi tulimwonyesha kwamba mahindi hupanda bei miezi ya njaa, Desemba na Januari. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyepotea sokoni. Akasema, "Bei naijua, mwanangu. Mjukuu wangu yuko Kibaigwa anapakia malori, ananiambia kabla yenu. Nyie niambieni huyu dumuzi nimfanyeje." Akainuka, akanipeleka kwenye kihenge, akaingiza mkono na kutoa kiganja cha vumbi jeupe. Unga ule haukupita mashineni. Mdudu ndiye aliyesaga, na punje zilizobaki zilikuwa matundu matupu, ukizipuliza zinapeperuka.

Naomba tubaki kwenye kihenge hicho kidogo, maana mimi kazi yangu yote imetoka pale.

Bibi yule alikuwa amepiga hesabu. Gunia la Julai, hata kwa bei ya kutupa, ni gunia. Gunia la Desemba kwake lilikuwa vumbi. Mfumo wetu wa bei ulimwambia asubiri, na kusubiri kungemfilisi. Mnaona? Tulitumia miaka miwili na fedha za watu kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Na huyu dumuzi si wa kwetu tangu zamani. Ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea. Wakulima walipoona kasi yake wakamwita skania, kama lori. Zamani watu walihifadhi mahindi kwenye magunzi, yakakaa mwaka bila shida kubwa. Dumuzi anapenda gunzi, humo ndani anapata pa kushika akatoboa vizuri. Ndiyo maana wataalamu wakasema pukuchueni kwanza, kisha changanyeni na dawa ya unga. Ushauri mzuri. Lakini ghafla kaya ambayo haikuwa na haja ya kupukuchua magunia kumi kwa mpigo ikawa na haja hiyo, na njia waliyokuwa nayo ni kujaza magunzi kwenye kiroba na kupiga kwa fimbo. Fimbo inapasua punje. Punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu. Mnafuata? Suluhisho la tatizo moja limezaa tatizo jingine, na hapo katikati, pale fimbo inaposhuka, kuna kazi ya mhandisi.

Kuna mifuko ya PICS ya kuhifadhi nafaka, mnaifahamu. Ilianza miaka ya 1980 kaskazini mwa Cameroon kwa ajili ya kunde, kazi ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake. Mifuko miwili ya plastiki ndani, kiroba nje, basi. Hakuna betri, hakuna dawa. Unafunga mdomo sawasawa, mdudu anamaliza oksijeni iliyomo, anaacha kula, anakauka na kufa. Nawaambia kwa moyo wote, sijaona programu ya simu iliyomfaa mkulima wa mahindi kuliko ile plastiki. Na mtu aliyeibuni alianzia kwa kuangalia kunde zinavyoliwa ghalani.

Lakini ukifunga mahindi mabichi mle ndani umefunga ukungu. Na hapa sitaki mtu acheke. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, na 20 wakafa. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Ni ugali ule ule tunaokula wote. Sumukuvu huioni, huinusi, na kuichemsha hakuiondoi.

Kwa hiyo mahindi lazima yakauke, unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Sasa niambieni, bibi yule anaipimaje 13.5? Anang'ata. Mlanguzi naye anang'ata, na jino la mlanguzi siku zote linasema mahindi ni mabichi, punguza bei. Mkulima anakodi gari, anapeleka kituo cha ununuzi, kipima unyevu kinamkataa, analipa nauli ya kurudi. Nimewaona wakianika tena kandokando ya lami, magari yanapita, mbuzi wanakula.

Hesabuni wenyewe kazi zilizomo kwenye kihenge kimoja: turubai na kikaushio, mashine ya kupukuchua isiyopasua punje, kipima unyevu na mtu anayeaminika wa kukishika, mifuko na mtu wa kufundisha namna ya kuifunga, mkopo mdogo ili ada ya shule isimlazimishe mtu kuuza Julai. Katika hizo zote, mfumo wetu wa bei haukugusa hata moja.

Naona mtu wa kompyuta pale nyuma amekunja uso. Ananiambia kimoyomoyo kwamba mimi ni mama wa zamani, napinga simu. Sipingi. M-Pesa imeanza Kenya mwaka 2007 na imebadilisha maisha ya wakulima kuliko matrekta mengi. Lakini angalieni ilivyokuja. Kwenye majaribio ilikusudiwa kulipia mikopo midogo. Watu wakaigeuza, wakawa wanatumiana fedha. Kwa nini? Kwa sababu kutuma fedha nyumbani walikuwa wanatuma tayari, kwa dereva wa basi, kwa binamu anayesafiri, na zilikuwa zinapotea njiani. Shida ilikuwepo, njia mbovu ilikuwepo, na wale waanzilishi walikubali kusikiliza watumiaji wanavyotumia. Tena bila wakala kwenye kibanda chake, mwenye noti mkononi, simu peke yake isingefika popote. Kwa hiyo ukitaka simu, sawa, lakini nitajie kwanza mtu anayefanya jambo hilo leo kwa taabu, na unieleze anavyolifanya kuanzia asubuhi hadi jioni.

La pili ni mtaji. "Mama, sina mtaji." Mwanangu, na mashine ya mtu mwingine haipo? Kuanzia Juni hadi Agosti, ukanda wote wa mahindi kuna wenye mashine za kupukuchua wanaozunguka kijiji hadi kijiji, wakitoza kwa gunia. Karibu kila mwenye mashine analia kwa ajili ya mtu wa kuaminika, anayejua mkanda ukilegea afanye nini, beringi ikianza kupiga kelele asimamishe mashine kabla haijaungua. Nenda kwake. Omba kazi msimu mmoja. Utalala kwenye turubai, utakula vumbi, na ifikapo Septemba utajua kijiji gani kina magunia mangapi, nani analipa na nani hulipa kwa maneno, spea gani hukatika na inapatikana wapi. Hayo hakuna mwekezaji anayeweza kukununulia.

Najua kuna anayesema nimesoma miaka minne nikashike spana? Ndiyo! Shika spana. Ninakasirika kidogo nikisikia hivyo, mnisamehe. Mkulima amekulipia elimu kwa kodi ya mazao yake, na akiharibikiwa na mashine shambani unamwambia wewe ni mtu wa ofisini? Shahada yako ndiyo itakayokuonyesha kwa nini beringi ile ile inakufa kila mwaka. Fundi ataibadilisha. Wewe utabadilisha mahali inapokaa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sijafika hata nusu ya niliyoandika. Haraka haraka, basi.

Mizani. Lumbesa bado ipo, gunia linavikwa kilemba na kuhesabiwa gunia moja. Sheria ya vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wapo. Kinachokosekana ni mizani iliyo karibu na shamba siku ile mnunuzi anapokuja. Mwenye mizani iliyohakikiwa na bodaboda ana kazi. Fikirieni hilo.

Droni: mnazipenda, nazipenda pia, lakini zina vibali vyake, anzeni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hamjarusha. Mbegu: bila TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, huuzi. Viuatilifu: TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na msicheze na hilo. Umwagiliaji nilitaka kuuzungumzia vizuri, muda hauruhusu, nitakayemkuta nje tutaongea.

Na wasichana, neno moja. Mtaambiwa mashine ni za wanaume. Anayepukuchua kwa fimbo kijijini ni nani? Mama na binti zake. Wao watakueleza mashine imewekwa juu mno, mpini mzito mno, mambo ambayo mwanamume aliyeiunda hakuyafikiria. Nendeni mkawasikilize.

Haya, robo saa imepita. Wale vijana wangu wawili wako wapi? Njooni. Inua chekundu, iinamishe, izungushe polepole. Waambie wenzako. Chumvi inateleza, kioo ni safi, umeona? Unyevu wake uko chini ya asilimia 15. Kwa kuhifadhi ningeyaanika siku moja zaidi ili niwe na uhakika wa ile 13.5, lakini yako njiani.

Sasa cheupe. Sogea kwenye mwanga, wa nyuma waone. Chumvi imeganda kwenye kioo, siyo? Basi hayajakauka. Pande zote, kama ukungu kwenye kioo cha gari asubuhi. Haya ndiyo mahindi yaliyolia kama kokoto alfajiri. Muuzaji sidhani alinidanganya, yeye naye aliyang'ata. Gunia lake bado liko pale sokoni, kuna mama atalinunua leo, atalimwaga kwenye kihenge na kufunga mlango.

Nimemwahidi muuzaji yule kwamba saa nane mchana nitarudi na chupa na chumvi, tupime magunia yake yote yaliyobaki. Gari langu lina nafasi ya watu wanne.