Barua pepe za nyumba ya wageni zisiishie spamu: SPF, DKIM na DMARC hatua kwa hatua

Mwakeye ndugu zangu, karibuni. Leo tupo Kigoma mjini, na somo hili nalitoa kwa ajili ya wenye nyumba za wageni, waongoza watalii, na yeyote anayetuma ankara kwa barua pepe yenye jina la biashara yake.

Chukua mgeni anayetaka kwenda Gombe. Kule hakuna barabara, ni boti tu. Umemwandikia siku ya safari, mahali pa kupandia pale Kibirizi, na kiasi cha kulipa. Barua imeondoka salama kwako, ila kwake imetupwa kwenye spamu. Wewe unasema mgeni hana nia, yeye anasema hawa watu hawajibu. Biashara imekufa na hakuna aliyekosa adabu.

Wengi wanaambiwa wabadilishe maneno ya kichwa cha barua. Anzia kwingine. Utaratibu wa kutuma barua pepe, SMTP, uliandikwa mwaka 1982, na wenyewe haumuulizi mtumaji kitambulisho. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba barua imetoka info@mfano.co.tz. Kwa hiyo anayepokea hutafuta uthibitisho kwenye DNS, yaani daftari la wazi la mtandao lenye taarifa za domeini yako (jina lako la mtandaoni, kama mfano.co.tz), na asipoukuta anakushuku. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zenye ruhusa) au DKIM (saini ya barua), na wanaotuma kwa wingi, ambao kwa Gmail ni kuanzia kama barua 5,000 kwa siku, wawe na vyote pamoja na DMARC (agizo la nini kifanyike uthibitisho ukifeli). Nyumba ya vyumba vinane haifiki huko. Hata hivyo weka vyote vitatu, maana kuweka rekodi hizi ni bure.

Twende kazi. Kwanza tuone hali ilivyo. Jitumie barua kutoka anwani ya biashara kwenda Gmail yako binafsi. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni ya kitufe cha kujibu, chagua "Show original". Tazama hapa juu. Mimi naona SPF: SOFTFAIL, yaani seva iliyotuma haimo kwenye orodha ya walioruhusiwa, na mbele yake namba ya IP ya seva hiyo, 192.0.2.10. Mstari wa DKIM haupo kabisa. Iandike hiyo IP, tutaihitaji.

Sasa ingia kwenye akaunti ya aliyekuuzia hosting, yaani mahali tovuti yako inapohifadhiwa. Kama paneli yake ni cPanel, fungua "Zone Editor", kisha "Manage" kwenye domeini yako. Kama DNS yako inasimamiwa kwingine, fanyia huko huko. Ukiweka hapa haitasaidia kitu.

Tunaanza na SPF, nayo ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Kabla hujaongeza chochote, tafuta kwenye rekodi za TXT, yaani za maandishi, kama kuna inayoanza na v=spf1. Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Domeini moja inaruhusiwa rekodi moja tu ya SPF. Mara nyingi hosting ilishaweka yake, halafu siku mlipohamia barua za Google fundi akaongeza ya pili. Anayepokea akikuta mbili anahesabu ni kosa, na zote mbili hazifanyi kazi. Usiongeze ya pili, ziunganishe ziwe mstari mmoja:

v=spf1 include:_spf.google.com ip4:192.0.2.10 ~all

Sehemu ya kwanza inaruhusu seva za Google. Ya pili ni ile IP tuliyoandika, na kwenye mfano wetu ni seva ya tovuti, inayotuma majibu ya fomu ya kuomba chumba. Watu huisahau hiyo kila mara. Weka IP yako, usinakili ya kwangu, na hakikisha kwanza kwamba unaijua ni ya nani. Mwisho, ~all inasema wengine wote washukiwe. Angalia pia usijaze include nyingi: SPF ikilazimisha kuulizia DNS zaidi ya mara 10, inahesabiwa imekosea.

DKIM ni nyepesi kuliko jina lake. Seva inatia saini kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi unakaa kwenye DNS. Kwa Google Workspace, huduma ya Google ya barua za biashara, ingia paneli ya msimamizi, nenda kwenye Gmail, "Authenticate email", tengeneza ufunguo wa biti 2048. Utapewa jina google._domainkey na maandishi marefu. Yabandike yote kama TXT, bila kukata herufi hata moja, kisha rudi ubonyeze "Start authentication". Huenda ukasubiri hadi saa 48. Saini hii ina faida moja kubwa: wakala akipokea barua yako na kuisambaza kwenye sanduku lake lingine, SPF kwa kawaida inakwama njiani, lakini saini hufika nzima mradi barua haijabadilishwa.

Tumalizie DMARC. Ongeza TXT, jina _dmarc, na thamani hii:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz

Hapo p ni agizo kwa anayepokea: none ni kutochukua hatua, quarantine ni kuipeleka barua iliyofeli spamu, reject ni kuikataa kabisa. rua ni anwani utakayopokelea ripoti. Paneli nyingine huongeza domeini zenyewe, kwa hiyo baada ya kuhifadhi soma jina lilivyotokea. Ukikuta mfano.co.tz imejirudia mara mbili, futa uanze upya.

DMARC inadai domeini anayoiona mgeni kwenye mstari wa mtumaji ilingane na ile iliyopita SPF au DKIM. Ndiyo maana huduma ya kutuma matangazo inaweza kupata PASS, yaani kufaulu, ya SPF kwa domeini yake yenyewe, na wewe bado ukafeli. Iwekee DKIM ya domeini yako.

Kuna watakaokushauri uweke p=reject leo leo. Mimi nakataa. Ukiwahi kabla hujajua nani wote wanatuma kwa jina lako, utazuia uthibitisho wa vyumba vyako mwenyewe, na msimu wa wageni hausubiri. Kaa kwenye none wiki kadhaa, soma ripoti zinazoingia, kila seva yako halali ipate PASS. Hapo ndipo uende quarantine, na baadaye reject.

Sasa jitumie barua tena, ufungue "Show original". Unataka PASS tatu: za SPF, DKIM na DMARC. Ukizipata na barua bado inaangukia spamu, kinachokuangusha sasa ni sifa ya domeini: acha kuwatumia matangazo watu wasioyaomba, na mgeni aliyekuandikia mwombe aitoe barua yako kwenye spamu na akujibu hapo hapo.