Wadudu watano kwenye muti moja ya ndimu

(Maongezi na vijana wa foto, Kamalondo, Lubumbashi. Imeandikwa vile ilisemwa.)

Jambo yenu wote, ba mama, ba papa, ba yaya mulio kule nyuma, aksanti kwa kufika na hii joto. Mbele ya kuanza niseme tu nitakuwa nachanganya Swahili ya kwetu na ile ya shule, mutanivumilia, juu vitu vingine nilivisoma kwa Kifaransa na vingine nilijifunza nikiwa nimelala kwa tumbo kwenye udongo mwekundu wa parseli yangu, mutoto wangu akiuliza mama yake kama papa anagonjwa.

(Watu wanacheka.)

Musicheke, ni kweli.

Basi hadithi inaanzia kwa muti ya ndimu. Iko ya jirani yangu, mama moja mukubwa wa umri, matawi yanavuka ukuta yanaingia kwetu. Siku zile njo nilikuwa nimepata lensi yangu ya kwanza ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo sana kwa karibu, ya mukono wa pili, nikawa kama mutu amepewa macho mapya, kila kitu napiga, nzi, sisimizi, hata mende musamehe. Mwezi wa kumi na mbili, mvua ya kwanza imeshapita, majani ya ndimu yametoka mapya, laini. Kwenye ile muti nikapiga wadudu watano. Moja kitu kidogo cha mviringo, rangi ya manjano iliyofifia, milimita 1 hivi. Moja kiwavi cheusi-cheusi chenye doa jeupe, ukikiangalia haraka utasema ndege amekunya pale. Moja kiwavi kijani, kinene kama kidole changu kidogo. Moja kitu kikavu kimening'inia kwenye tawi kama jani lililojikunja. Na ya tano kipepeo mukubwa mweusi, madoa ya manjano, unamujua, anapita-pita kwenye maua kila siku.

Nikazipanga kwa telefone, nikaandika chini: mududu wa 1, mududu wa 2, mpaka 5. Nikaenda kumuonyesha yule mama kwa ukuta, nikijisikia fundi kabisa. Akaangalia, akavaa miwani, akaangalia tena, akaniambia: «Papa, hii yote ni mutoto moja.»

Nilisimama pale na telefone mukononi. Yule mama hajui jina Papilio demodocus, njo jina yake ya kitabu, lakini miaka yote anawaponda wale viwavi juu wanamaliza majani ya ndimu zake, na mutu anayepigana na kitu anakijua kuliko mwenye kukipenda tu. Alijua kile kama mavi ya ndege kikijivua ngozi mara ya mwisho kinakuwa kijani. Alijua ukikigusa kinatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu inakuchoma pua. Mimi na lensi yangu nilikuwa sijui.

Kwa hiyo leo sikuja kuwafundisha kupiga foto nzuri ya kipepeo. Foto nzuri ya kipepeo ziko nyingi, zimejaa. Nataka muchague mududu moja, kwa muti moja, mukae naye toka yai mpaka mabawa.

Na musifikiri yule mama na mimi tulikuwa wa kwanza kugombana juu ya hiyo. Ulaya, miaka ya 1600, watu wengi waliamini kabisa wadudu wanazaliwa na matope na nyama iliyooza, na kiwavi na kipepeo ni wanyama wawili. Kukawa na mwanamuke moja, Maria Sibylla Merian, alizaliwa Frankfurt 1647, toka akiwa na miaka 13 alikuwa anafuga viwavi vya hariri nyumbani na kuandika kila badiliko. 1699, akiwa na miaka 52, akapanda meli na binti yake wakaenda Suriname, Amerika ya Kusini, akakaa miaka miwili mpaka ugonjwa ukamurudisha. Kitabu chake kikatoka 1705. Mukikiona mutaelewa: kwa ukurasa moja anachora muti yenyewe ambayo kiwavi anaikula, kiwavi, pupa (kile kifuko kikavu kinachoning'inia), na kipepeo, vyote pamoja. Hana kamera, ana rangi na brashi. Na wenyeji wa kule na watumwa njo walikuwa wanamuletea wadudu na kumuambia ile muti ni ya nini. Munaona, hata yeye alikuwa na mama wa kwa ukuta.

Sasa tuingie kwa aparei, kamera yenyewe, juu najua kuna vijana hapa wamekuja kwa ajili ya hiyo tu.

Makro ya kweli wanasema ni moja kwa moja. Maana yake kidudu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 kwenye sensa, kile kibao ndani ya aparei kinachopokea mwanga, hakipunguzwi. Sensa kubwa, ile ya fulu-fremu, ina upana wa milimita 36, basi huyo mududu anakula zaidi kidogo ya robo ya upana wa picha. Lensi ya makro ni bei, siwadanganyi. Lakini kuna njia za masikini na mimi nimezipita zote. Unaweza kuweka pete tupu katikati ya aparei na lensi, hazina kioo ndani, zinasogeza lensi mbele tu: lensi ya milimita 50 ukiiwekea pete za milimita 50 umefika kipimo cha moja kwa moja. Ama unageuza lensi yenyewe, mbele inakuwa nyuma, na kipete cha kuishikia. Na telefone? Telefone nayo inafanya, kile kilensi cha kubana kinafanya, hata kile kidogo cha ndani ya mashine ya diividii iliyokufa ukikitoa vizuri ukakibandika mbele ya kamera kinafanya, kando-kando itakuwa na ukungu lakini katikati utashangaa.

Shida ya makro haiko bei. Shida ni kwamba ukikaribia hivyo, sehemu ambayo inaonekana wazi inakuwa nyembamba vibaya sana. Kwa kipimo cha moja kwa moja, diafragma (lile tundu la lensi la kupitisha mwanga, namba ikipanda tundu linapungua) kwenye 8, unapata karibu milimita 1. Inazidi kidogo tu unene wa kadi ya benki. Ukipata jicho la kiwavi, mugongo umepotea. Wengi wanajibu kwa kufunga diafragma mpaka 22, halafu wanalalamika picha imekuwa kama imepakwa mafuta, ni kawaida, tundu likiwa dogo sana mwanga wenyewe unatawanyika. Mimi nabaki kwenye 8 ama 11. Na sizungushi pete ya kufokasi. Naifunga, halafu mwili wangu njo unasogea, mbele kidogo nyuma kidogo, napiga picha saba nane nikishika pumzi, moja itakuwa imepata jicho. Mukono wa kushoto unashika tawi, na lensi inalala juu ya huo mukono, hivi, munaona? Upepo ukitingisha tawi, mimi na aparei na kiwavi tunatingishika pamoja.

Kuna wanaopiga picha nyingi wakisogea kidogo-kidogo na kuziunganisha kwa kompyuta. Muingereza Levon Biss alipiga wadudu wa makumbusho ya Oxford hivyo, mududu moja picha 8,000 mpaka 10,000. Nzuri ajabu. Lakini wale wamekufa, wamechomwa pini. Kiwavi changu kinakula, hakiningojei.

Mwanga: flashi, na mbele ya flashi kitu cheupe. Mimi natumia gobele, kikombe cha plastiki nyeupe nilichokikata kwa wembe nikaweka karatasi ndani. Bila hiyo mugongo wa mududu unang'aa kama bati jipya na rangi yote inakufa. Gobele moja, vijana. Musiniulize bei.

(Kijana moja anauliza kama ni sawa kuweka mududu kwenye frigo ili atulie.)

Nasikia wanafanya. Mimi sipendi. Unamuamkia alfajiri, saa kumi na moja na nusu, bado kuna baridi, umande uko kwa mabawa, ametulia mwenyewe. Kama wewe hauwezi kuamka, si kosa la mududu.

Basi nirudi kwa muti. Mwaka uliofuata nilifuata yai moja. Siku sita hivi likawa jeusi-jeusi, kikatoka kiwavi kidogo kuliko kichwa cha kibiriti, na chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lenyewe, hiyo foto ninayo, mutaiona. Kikajivua ngozi mara nne. Kikawa kijani, kikanenepa, halafu siku moja kikaacha kula, kikatembea, kikachagua tawi, kikajifunga uzi kiunoni kama mutu anayefanya kazi juu ya nguzo ya umeme. Kesho yake, pupa. Nikapanga aparei kwa miguu mitatu, nikajua: wiki mbili mpaka tatu, ngozi itakuwa ya kuonyesha ndani, nitaona madoa ya mabawa, na asubuhi moja kitatoka.

Wiki ya kwanza. Ya pili. Pupa ikawa kahawia, haionyeshi kitu. Nikaamka kila alfajiri kama padri. Siku ya kumi na saba naona tundu kidogo pembeni, kama limetobolewa na sindano. Nasogeza lensi. Kikatoka kichwa. Si cha kipepeo. Nyigu, milimita 2 tu, kijani inang'aa kama shaba mbichi. Akasafisha pembe zake, akaondoka. Wa pili. Wa kumi. Nilihesabu mpaka 60 nikaacha. Mama yao alikuja siku ile pupa bado laini, akataga ndani, na mimi nilikuwa nimelala.

Nilikasirika, siwafichi. Mwezi mzima! Halafu nikaangalia foto. Njo bora niliyowahi kupiga. Nikamuonyesha jirani yangu, akacheka sana, akasema wale tuache waishi, ni wafanyakazi wake.

Wale wasio na muti ya ndimu wasiende nyumbani na huzuni. Chukua maji ya kwenye tairi la zamani, weka kwa chupa ya kioo, funika na kitambaa cha neti. Viluwiluwi vya mbu, wiki moja ama mbili unapata maisha yote. Na angalia vinavyopumua: Culex, aina moja ya mbu, ananing'inia kichwa chini, amepitisha bomba la mukia juu, Anopheles, yule wa malaria, hana bomba, analala sambamba na uso wa maji. Mutoto wa miaka kumi anaweza kuwatofautisha kwa telefone.

(Mama moja anayeuza viwavi sokoni anauliza: vile tunavyokula, navyo vinakuwa vipepeo?)

Ndiyo mama, swali lako njo kazi yangu ya mwaka huu. Vingi ni vya ukoo wa Saturniidae, vinashuka muti vinaingia chini ya udongo, vinangojea pale kiangazi chote, na vinatoka nondo wakubwa wa usiku wenye macho kwa mabawa. Nondo hao hawali kitu, mudomo wao haufanyi kazi, wanaishi siku chache kwa mafuta waliyojiwekea mwilini wakiwa viwavi. Watu wa hapa wamekula kiwavi toka utoto na hawajawahi kumuona nondo wake. Mama, ukipata wale bado wazima, niwekee wawili, nitalipa. Na uniambie wametolewa kwa muti gani, juu wewe njo unajua.

Vwala. Kule nyuma kwenye meza nimeweka matawi matatu ya ndimu, kuna mayai mawili na kiwavi kimoja bado kiko rangi ya mavi ya ndege. Watoto watangulie. Wenye flashi wakate gobele zao kwanza, wembe uko, polepole na vidole, na yule atakayeona pembe za rangi ya chungwa aniite haraka, juu hazikai nje muda mrefu.