Masta ya meli na bandari: "dada inalipa?" Leo nawajibu

Haya jamani, nimekaa. Leo nimewasha kamera kwa sababu swali ni lile lile kila nikiweka video, hata ile niliyokuwa nasonga ugali tu mtu kaandika chini "dada hiyo masta ya meli inalipa? na utaendesha meli lini?" Nikijibu kwenye komenti naambiwa naringa, nisipojibu naambiwa nimesahau watu wa nyumbani. Basi nijibu mara moja, na naomba mtu asikilize mpaka mwisho ndo aandike kwamba najishaua au nalialia, maana yote mawili nimeshaambiwa.

Kwanza siendeshi meli. Anayetaka unahodha aende DMI, chuo cha bahari pale Dar, aanze ukadeti, hiyo ni njia nyingine kabisa. Mimi nasoma uchumi wa meli na uendeshaji wa bandari hapa Rotterdam, Uholanzi, yaani kwa nini mzigo ukae siku tisa badala ya tatu, na hizo sita zilizozidi analipa nani.

Na sikuja huku kwa sababu ya Ulaya. Nimefanya kazi miaka mitano kwenye ofisi ya wakala wa forodha Kurasini, kazi yenyewe mnaijua, kukimbizana na makaratasi ya kontena za watu. Kuna mama mmoja alileta vitenge kutoka China, kontena moja la futi 20, BL orijino, ile hati ya mzigo ya meli, ikachelewa kufika, siku za bure zikaisha. Yeye akijua demareji, yaani tozo ya kuchelewa, ni deni moja. Kumbe anadaiwa storeji na wenye yadi, anadaiwa na wenye meli kwa kuwa sanduku lao limekaa, na akishalitoa akichelewa kulirudisha tupu anadaiwa tena. Akaja ofisini, akamwaga pochi juu ya meza yangu, noti za elfu mbili mbili na elfu tano, akaniuliza "mwanangu, hizi zinapunguza siku ngapi?" Nikahesabu. Siku moja na kidogo. Yule mama hakulia wala nini, alizikusanya tu noti zake akazikunja vizuri, na mimi siku ile nikajiambia hili jambo lazima nilijue mpaka mzizi wake.

Sasa darasani ndo nimelikuta. Tuna somo la mikataba ya kukodi meli, unapewa karatasi ya matukio: meli imefika nje saa ngapi, imetoa taarifa saa ngapi kwamba iko tayari, imefunga gati lini, mvua imenyesha kuanzia saa nane mpaka saa kumi, ngano haipakuliwi kwenye mvua kwa hiyo mashimo ya meli yamefungwa. Yale masaa ya mvua huyahesabu kwenye muda wa kupakua uliokubaliwa, unabaki na hesabu yako. Mimi wa Dar nilivyoona mvua na ngano nikasema hapa niko nyumbani. Nikatoa masaa yote ya mvua, nikakosa. Kwa nini? Kwa sababu ule muda ulikuwa umeshaisha jana yake, na kwenye mikataba hii kwa kawaida ukishaingia kwenye demareji hutoki, mvua inyeshe, Jumapili iingie, saa inahesabu tu. Nilitoka nje ya darasa nikakaa kwenye ngazi. Nilimkumbuka yule mama wa vitenge, mkataba wake ni mwingine kabisa lakini saa ni ile ile.

Halafu mwisho wa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, mwalimu akaacha alichokuwa amepanga tukaanza kupiga hesabu ya meli kutoka Asia kuja huku kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya Suez, siku kumi na zaidi zinaongezeka, mafuta, mishahara ya mabaharia, bima. Kaka yangu analeta spea kutoka Uingereza, akanipigia ananilalamikia kwamba nauli ya kontena imepanda, nikamwambia subiri nikutumie hesabu ya darasani. Hiyo ndo raha ya hii kozi, unasoma kitu asubuhi jioni kimeshamgusa mtu wa kwenu.

Haya, hela. Ada yangu mimi nisiye wa Ulaya ilivuka euro elfu 20, hiyo ni zaidi ya milioni 50 za kwetu na hujala bado. Juu ya hapo unatakiwa uonyeshe hela ya kuishi mwaka mzima kabla hawajakupa kibali. Na ilikuwa 2023, mnakumbuka dola zilivyokuwa adimu, hela yangu ilikaa kwenye benki moja wiki tatu, leo wananiomba barua, kesho wanataka mkataba wa mauzo ya kiwanja, kesho kutwa aliyekuwa anashughulikia yuko likizo. Na cheti cha kuzaliwa nacho kina herufi moja tofauti na pasipoti. Herufi moja! Kiapo mahakamani, mihuri wizarani, ubalozini, nauli za bodaboda peke yake ningenunua meza.

Mtaniambia si ufanye kazi. Mwanafunzi wa kutoka kwetu anaruhusiwa masaa 16 kwa wiki, au muda wote ile miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mwajiri ndo anatakiwa akuombee kibali, wengi wakisikia hilo neno kibali wanakuaga hapo hapo. Nimekataliwa na mghahawa, nimekataliwa na ghala la maua.

Na nimetaja kiwanja, ngoja niliseme hili maana limenikaa. Kiwanja ni cha mama yangu, Chamazi, alikiuza mwenyewe kwa hiari yake. Kuna ndugu yangu kaandika kwenye grupu la familia kwamba nimemfilisi mama nije kupiga picha na madaraja. Mama aliisoma. Hakuniambia, niliambiwa na mdogo wangu. Hilo limeniuma kuliko baridi, kuliko njaa, na kama unanitazama ndugu yangu nakuomba umpigie mama umuombe msamaha, mimi niache.

Kwa hiyo inalipa? Mimi bado sijalipwa, namalizia tasnifu. Siwezi kukwambia uuze kiwanja na siwezi kukwambia usiuze, kila mtu na nyumba yake. Ninachoweza kusema kwa upande wangu, bila ile miaka mitano ya Kurasini ningekuwa nakariri tu. Kama uko kazini bandarini au serikalini, mimi ningeanza na kile chuo cha IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, kilichoko Malmö, Sweden, kipo tangu 1983, masta yao ni miezi 14 na wengi wanasoma kwa ufadhili, ila wanaangalia uzoefu wako wa kazi. Mimi nilichelewa kukijua.

Na wanaouliza tangu ule mkataba wa 2023 wa DP World, kampuni ya Dubai, kuendesha sehemu ya bandari ya Dar, kwamba nitarudi bandari ya nani, nitarudi pale pale Dar. Jumapili huwa napanda metro mpaka Hoek van Holland, nakaa ufukweni natazama meli zinaingia, hii bandari inapitisha zaidi ya kontena milioni 13 kwa mwaka ukihesabu kwa futi 20, na mule ndani kuna magari yanabeba kontena hayana dereva. Naangalia, nahesabu dakika, naandika kwenye daftari langu.

Mwenye swali la BL au la demareji aandike hapo chini, hayo nitayajibu yote. Na wewe unayepanga kuomba, kabla ya kitu chochote chukua cheti chako cha kuzaliwa na pasipoti, viweke pamoja mezani, soma jina lako herufi kwa herufi.