Herufi kubwa na ndogo kwenye grep: msikimbilie -i kila saa

Haya jamani, tuendelee. Leo ni mada 103.7 ya LPIC-1, ule mtihani wa cheti cha Linux, kutafuta maandishi kwa regeksi, yaani ruwaza za kutafutia, na nataka tukae kwenye kitu kimoja tu, herufi kubwa na herufi ndogo, maana hapa ndo naona watu wanaojua Linux vizuri kabisa wanadondosha maksi.

Chukueni faili lina mistari minne: error, Error, ERROR, na eRRor. Ukipiga grep 'error', grep ikiwa amri ya kutafuta mistari ndani ya faili, unapata mstari mmoja tu, kwa sababu Linux inaona e na E ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukipiga grep -i 'error' inakuja yote minne, maana -i inaiambia isijali kubwa wala ndogo. Ukipiga grep '[Ee]rror' unapata miwili, ile ya kwanza, na ERROR haiji, sababu mabano ya mraba yanasimama badala ya herufi moja tu, hapo mwanzoni, zilizobaki zinabaki kama ulivyoziandika. Mtihani unapenda sana kuuliza hapo, soma swali kwanza, wanataka mistari ipi?

Na hii -i watu wameizoea mno. Unatafuta US kwenye logi, faili la kumbukumbu za matukio, unaweka -i kwa mazoea, inakumwagia status, user, kila kitu chenye us ndani yake, afu unaanza kuchambua kwa macho kitu ambacho grep ingekuchambulia yenyewe.

Sasa masafa, yaani kuandika "kuanzia herufi hii hadi ile" ndani ya mabano. [A-z] msiandike kabisa, naomba. Kwenye ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, Z ni 90 na a ni 97, hapo kati kuna alama sita, mabano ya mraba yote mawili, bakslashi, ^, _ na ile baktiki, kwa hiyo unadhani umeomba herufi tupu kumbe umeomba na takataka. Hata [a-z] yenyewe inategemea mpangilio wa lugha wa mashine, kuna mipangilio inapanga aAbBcC, basi herufi kubwa zinaingia humo humo bila wewe kujua. Ukiweka LC_ALL=C mbele ya amri unarudi kwenye mpangilio wa ASCII. Ila mimi nasema zoeeni [[:upper:]] kwa herufi kubwa na [[:lower:]] kwa ndogo, zinasema unachotaka waziwazi, na mabano ni mawili mawili, ukiweka moja moja grep ya GNU, ile ya kawaida kwenye Linux, inakataa na kukuambia umekosea.

Kwenye sed, amri ya kubadilisha maandishi, herufi I mwishoni, s/error/kosa/I, ndo inafanya kazi ya -i, hiyo ni nyongeza ya GNU. Na -i ya sed ni kitu kingine kabisa, inaandika juu ya faili lenyewe, kwa hiyo mkono usizoee vibaya, unaweza kuharibu faili la seva hivi hivi.

La mwisho ni alama za nukuu, na hili linauma kwa sababu halitoi kosa lolote. Andika grep [Ee]rror logi bila nukuu, afu kwenye folda hiyo kuna faili linaitwa error: sheli, programu inayopokea amri unazoandika, inayaona mabano kabla ya grep, inayabadilisha kuwa jina la lile faili, grep inapokea error tupu, na mistari yote yenye Error inapotea kimyakimya. Ukifunga '[Ee]rror' sheli haigusi kitu.