Bibi ameondoka: sauti yake, kanga zake na kikombe chake cha kupimia

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga, kuanzia Ngamiani na Chumbageni hadi Pongwe, Muheza na Pangani. Wakubwa zangu, shikamooni. Video ya leo ni ya nyumba iliyofiwa na bibi, yule aliyekuwa nguzo ya ukoo. Poleni sana. Sisi wa huku ng'ambo bibi huzikwa hata tiketi hatujapata, kwa hiyo nasema nanyi mlio karibu na vitu vyake. Maziko watu wetu wanayajua, sina la kuongeza. Upotevu unaanza matanga yakishaanuliwa.

Simu yake kwanza, hiyo haingoji. Desturi anapewa mjukuu, na mjukuu anaifuta yote iwe kama mpya. Naombeni msimpe bado. Itieni chaji, laini ibaki ndani na itiwe vocha kidogo, maana laini isiyotumika hufungwa na namba ikaja kupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp nayo ikikaa siku 120 bila kutumika, inafutwa. Kama simu ni ya Android, ingieni kwenye mafaili mtafute folda ya WhatsApp Voice Notes. Ndani mna vifolda vya kila wiki, na kila sauti ina jina kama PTT-20210509-WA0003. Zile tarakimu nane ni tarehe: mwaka 2021, mwezi wa 5, siku ya 9. Msibadilishe majina hayo, mkiyabadilisha tarehe imekwenda. Nakilini folda nzima kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ya pili ikae nyumba nyingine. Mafaili yanaishia na opus na vifaa vingine havifungui, basi tengenezeni nakala za MP3, ila yale ya asili yabaki.

Kuna tabu moja: sauti za watu wote zimechanganyika humo. Lazima mtu akae asikilize moja moja na daftari. Mpeni shangazi au mama mkubwa anayekijua Kibondei, Kidigo au Kisegeju cha bibi, aandike neno kwa neno, na asimsahihishe. Bibi akisema jambo kwa lugha ya kwao, liandikwe hivyo hivyo.

Nanyi mlio nje kama mimi, sauti alizowatumia ziko kwenye simu zenu. Hamisheni mazungumzo yake (Export chat) pamoja na sauti, lakini jueni WhatsApp inatoa ujumbe wa mwisho kama 10,000 tu. Ya zamani zaidi yanakilini kutoka kwenye folda. Na kama simu ya bibi ina pesa, ile ni mali ya mirathi. Asiitoe mtu kwa sababu tu anaijua namba ya siri.

Sanduku la kanga. Hizi nazo ni mirathi, na nyumba nyingi zinagawana upesi, kila binti na doti yake, ikiisha hapo hakuna anayejua bibi alikuwa na nini. Kabla ya kugawa, tandikeni kila kanga kwenye mkeka karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Picha ya kwanza kanga nzima, pindo zote nne zionekane. Ya pili jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa, lisomeke. Ya tatu ukingoni, kule kulikochapwa alama ya mwenye mali na namba ya mchoro, kama zile za Mali ya Abdulla za Mombasa. Kisutu, ile kanga nyekundu ya harusi, mara nyingi hakina jina, kwa hiyo bila maelezo yenu kitabaki kitambaa chekundu tu. Andikeni: alipewa na nani, kwa harusi ya nani, uzazi upi, msiba upi. Anayeijua habari hiyo mara nyingi ni shoga yake bibi. Mfuateni kwake.

Ya kuhifadhi ifuliwe, ianikwe kivulini, ifungwe kwa bafta nyeupe iliyofuliwa. Mfuko wa plastiki kwa hewa yetu ya bahari unafuga unyevu, na ukungu ukiingia madoa hayatoki. Mikunjo ibadilishwe mara mbili kwa mwaka, la sivyo kitambaa kinakatika palepale pa mkunjo.

Picha za ukutani zilizoganda kwenye kioo msizibandue, zipigeni picha humo humo. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino inapenya.

Sasa jikoni. Bibi hakupima kwa gramu, alipima kwa kikombe chake cha bati. Kitafuteni kikombe hicho hicho. Kijazeni maji hadi pale alipokuwa akijaza, kisha mimineni kwenye chupa ya mtoto yenye mistari ya mililita. Mkikuta 300, ndipo mtaelewa kwa nini mkate wa kumimina wa wajukuu, wanaotumia kikombe cha 250, hautoki kama wake. Chukueni mchele vikombe 2 ulioloweka usiku kucha, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki na ute wa yai moja. Mwulizeni aliyekuwa akimpepelea mkaa: ule uji wa mchele uliosagwa ulianguka vipi kutoka kwenye upawa? Ukiwa mwepesi mno, mchele unatuama na mkate unakuwa tabaka mbili, chini mgumu. Ukiumuka kupita kiasi, unapanda halafu unabonyea katikati na kuchachuka. Ukimimina kwenye sufuria isiyopata moto na mafuta, unaganda.

Umri wake msiubuni. Ulizeni wazee: Uhuru, 9 Desemba 1961, alikuwa kigori au ana mtoto mgongoni? Miaka ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, alikaa kwa nani? Andikeni majibu yote, hata yanayopingana. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na jina kwenye cheti lifanane na la kitambulisho chake na la hati ya nyumba. Herufi moja ikitofautiana, watoto watazunguka na viapo wakati wa mirathi.

Na kaburi. Mashahidi ya mbao, vile vibao vya kaburini, huoza, na rangi ya jina haimalizi masika mengi. Mkiwa pale makaburini, hifadhini mahali kwenye ramani ya simu, lakini simu inaweza kukosea mita kadhaa, na makaburi yetu yamebanana. Pigeni picha tatu: mukiangalia msikitini, mukiangalia njia, na mti ulio karibu. Hesabuni hatua kutoka njiani hadi kichwani kwake, mwandike, mtutumie.