Kufunga nyaya za geti la mota: macho, bodi na mota yenyewe

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo tupo Goba, Dar es Salaam, kwenye geti la reli. Mota ni ya volti 24, ina betri zake, kwa hiyo umeme ukikatika geti linaendelea kufunguka. Kwa hapa kwetu mimi nasema chukua ya betri, hutajuta.

Mota nimeshaifunga kwenye zege na reki ya meno ipo kwenye geti, hapo sikai sana. Hakikisha tu kati ya gia na reki kuna nafasi ndogo, milimita moja au mbili. Geti lisilalie gia. Uzito wote ubebwe na magurudumu. Kwanza zima mota, achia gia kwa ufunguo ili geti liwe huru, sukuma geti kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Likigoma mkononi, mota haitaliokoa, rekebisha reli kwanza.

Sasa zima breka kwenye meni swichi, halafu pima na testa. Usiamini swichi, amini testa. Waya wa umeme mkubwa ni koa tatu, yaani nyaya tatu ndani ya ganda moja: kahawia ndiyo laivu, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Ethi usiiache inaning'inia, funga kwenye chuma cha mota. Na hizi nyaya za umeme mkubwa zipite bomba lake peke yake. Za macho, yaani vihisi vinavyoona kama kuna kitu kinapita getini, na swichi ya ukutani zipite bomba jingine.

Betri: hizi mbili ni za volti 12 kila moja. Chanya ya hii unaiunga na hasi ya ile, zilizobaki mbili zinaenda kwenye bodi, ile sakiti inayoongoza mota. Ukipima upate 24 na kidogo. Twende.

Haya, macho. Hapa naomba mtulie, maana hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu. Macho ni mawili, moja linatuma, moja linapokea. La kutuma lina nyaya mbili tu, chanya na hasi, kutoka terminali, yaani sehemu za kubana nyaya, za vifaa vya nje kwenye bodi. La kupokea lina nne: chanya, hasi, halafu COM, yaani ya pamoja, na NC, yaani ile inayokuwa imeungana na COM macho yakionana. Hizi mbili za mwisho zinarudi kwenye bodi, kwenye terminali ya macho.

Bodi mpya inakuja na kipande cha waya kimefunga terminali hiyo, wenyewe tunaita jampa. Fundi anafunga macho, taa zinawaka, anaondoka. Jampa bado lipo! Macho yanawaka lakini geti haliyasikii. Mtoto akipita, geti linamfuata. Jamani, toeni jampa. Nasema tena, toa jampa. Na macho yakisumbua mwaka kesho, usirudishe jampa ili mwenye nyumba aache kupiga simu. Tafuta tatizo.

Kabla hujaunga, weka mita kwenye mlio, pini moja COM, nyingine NC. Macho yakionana inalia: piii. Pitisha mkono, inanyamaza. Ikiwa kinyume chake, hamisha waya kwenye terminali ya pili. Tunataka hivi kwa sababu waya ukikatika siku yoyote, bodi itadhani kuna mtu, na geti litakataa kujifunga. Mimi napenda likatae.

Ngoja... taa ya la kupokea imezimika. Dogo, leta kamera hapa. Karibu zaidi. Mnauona huu unywele mmoja wa shaba? Umetoka nje ya terminali, umegusa ya jirani. Toa waya, zisokote nyuzi vizuri, ingiza tena, kaza, vuta kidogo uone kama umeshika. Taa hiyo, imewaka. Hata mikono inapokuwa myepesi, hakikisha kila waya hivyo.

Urefu wa macho, sentimita 40 hadi 60 kutoka chini. La kupokea lisitazame jua la jioni, litapofuka kila saa kumi na moja. Hapa nimelielekeza mashariki, na jua la asubuhi linazibwa na ukuta.

Washa breka. Bonyeza rimoti... linafungua badala ya kufunga. Ni kawaida. Zima, badilishana nyaya mbili za mota, na swichi za kikomo, zile zinazosimamisha geti likifika mwisho, pia zibadilishane, usisahau, la sivyo geti litapita mwisho wake.

Sasa jaribio. Geti linafunga, pitisha ndoo katikati ya macho, sio mtu. Limesimama, limerudi. Fanya tena likiwa limebaki hatua mbili kufika. Vizuri kabisa. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni, mijusi na sisimizi wanapenda sana bodi, kisha funika.

Macho ya jozi na rimoti ninauza, na ukinitumia picha ya bodi yako nitakuonyesha jampa lilipo.