Iowa na New Hampshire: Nani Kawapa Zamu ya Kwanza?

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Nianze na hesabu. Mwaka 2020, katika kura za mchujo za kumpata mgombea urais wa chama cha Democratic huko Marekani, jimbo la Iowa lilikuwa na wajumbe 41 kati ya karibu 4,000 wanaomteua mgombea huyo kwenye mkutano mkuu wa chama. Ni kama asilimia moja tu. Nguvu yake basi haikuwa katika wajumbe, ilikuwa katika kutangulia. Aliyeshindwa vibaya pale wafadhili walimkimbia, waandishi wakamhama, naye akajitoa. Wapiga kura wa majimbo yaliyofuata walichagua katika waliosalia.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, nami naiheshimu. Mwaka 1976 Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais, alikuwa gavana mstaafu wa Georgia asiyejulikana sana nje ya kwao. Alizunguka Iowa, akaketi na watu sebuleni mwao, akatoka huko na jina. California, yenye watu karibu milioni 39, isingempa nafasi hiyo. Huko ungehitaji mamilioni ya matangazo ya televisheni. Kuanzia jimbo dogo ni jambo jema.

Lakini kwa nini dogo lile lile? Iowa, iliyokuwa ikichagua kwa mikutano ya wanachama badala ya kura ya kawaida ya mchujo, ilitangulia mwaka 1972 kwa sababu za ratiba tu. New Hampshire, iliyokuwa ikifuata baada ya Iowa, imejitungia sheria yake yenyewe kwamba lazima itangulie kura nyingine za mchujo! Majimbo yote mawili wakazi wake wengi mno ni Wazungu. Na hadi mwaka 2020 mikutano hiyo ya Democratic huko Iowa ilifanyika jioni: mfanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, mama asiye na wa kumwachia watoto, wote hao sauti yao ilipotea. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Mwaka 2020 Joe Biden alikuwa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire. Waliomwokoa ni wapiga kura Weusi wa South Carolina. Kwa mwaka 2024 chama kikaipa South Carolina nafasi ya kwanza. New Hampshire ikagoma, ikapiga kura Januari 23, na bado wajumbe wake wakakaribishwa mkutano mkuu wa Chicago.

Mimi nasema majimbo madogo yapokezane, kila uchaguzi jingine, kutoka kanda tofauti. Na jimbo likikaidi, kulinyima wajumbe hakutoshi, maana halikuwategemea tangu mwanzo. Mgombea atakayekwenda kufanya kampeni huko ndiye afungiwe midahalo ya chama.